Mbabula ibaki nje, maji ya moto yaingie kitandani



Baridi imefika. Aliyeamka saa kumi na moja asubuhi juma hili kwenda kuchota maji anajua ninachosema: vidole vinakufa ganzi, na ukifungua mdomo unatoa mvuke kama sufuria. Hapa Lubumbashi tunaishi juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba, usiku, joto linashuka chini ya digrii 10. Mchana mbingu haina wingu na jua linatuchoma. Lakini kwa sababu hiyo hiyo ya kukosa mawingu, usiku joto la ardhi linapanda juu na kupotea. Nyumba ya mabati isiyo na dari haisaidii kitu. Na umeme ukikatika, hata mwenye radiatori analala kama sisi wengine.

Basi tunafanya nini? Wengi tunafanya kile nilichofanya mimi mwaka ule. Nitawaeleza, ingawa nina haya kidogo.

Nkambo, mama mzazi wa bwana wangu, alikuwa amekuja kutoka kijijini kututembelea. Usiku wa pili akasema miguu yake haipati joto. Nilikuwa nimemaliza kupika bukari. Makala ndani ya mbabula yalikuwa mekundu vizuri, moshi umekwisha, majivu meupe yameanza kuyafunika. Nikaona ni hasara kuyaacha yazimike nje bure. Nikaingiza mbabula chumbani, nikafunga mlango, nikakunja kikwembe na kukiweka chini ya mlango ili upepo usiingie. Papa wa watoto alikuwa kazini zamu ya usiku. Tukalala: mimi, nkambo na watoto watatu.

Usiku wa manane mtoto mdogo akalia. Nikataka kuamka, miguu ikakataa. Kichwa kilikuwa kinapiga kama ngoma. Mtoto akatapika. Nikafikiri ni malaria. Nikajikokota mpaka mlangoni nimtoe nje asichafue blanketi, na kwa sababu hiyo tu mlango ukafunguka. Baridi ilinipiga usoni, na kidogo kidogo akili ikarudi. Niliporudi ndani kumwamsha nkambo, alinijibu maneno yasiyoeleweka, kama mtu aliyekunywa lutuku. Ndipo nikaogopa kweli. Nikawatoa wote uani, mmoja mmoja, tukakaa pale na mablanketi mpaka kukapambazuka.

Asubuhi jirani mmoja alikwisha kuanza: “Kuna mtu amewatupia kitu.” Nilipofika kituo cha afya, muuguzi hakuuliza habari za majirani. Aliuliza swali moja tu: “Mlilala na mbabula ndani?” Nikasema ndiyo. Akamwangalia mtoto, akasema: “Basi huyu aliyelia ndiye aliyewaokoa.”

Kinachoua ni nini?

Makala yanapowaka yanatoa hewa moja yenye sumu, inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Moshi unakufanya ukohoe na kukimbia. Hewa hii haikuambii kitu. Makosa yetu ni kufikiri kwamba moshi ukiisha hatari imekwisha. Sivyo. Makala mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa sumu, na hata yale yaliyofunikwa na majivu yanaendelea kuitoa.

Ndani ya mwili inafanya hivi. Damu yetu ni kama basi linalobeba oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka kichwani, moyoni na kila mahali. Monoksidi ya kaboni inapanda basi hilo na kukalia viti, na inavishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Haitaki kushuka. Basi linazunguka limejaa, lakini oksijeni imeachwa njiani. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, moyo unachafuka, miguu inalegea, mawazo yanachanganyika. Aliye macho anaweza kutambua dalili hizo. Aliyelala anazidi kuzama usingizini, na wengine hawaamki. Mama mjamzito awe mwangalifu zaidi, maana sumu inamfikia mtoto aliye tumboni, na mtoto huyo anaumia hata kama mama anajisikia vizuri.

Kwa hiyo, mkiamka watu wawili au watatu nyumba moja, wote kichwa kinauma, hakuna aliye na homa, na mkitoka nje mnapata nafuu, msitafute mchawi. Tafuteni mbabula. Fungueni milango na madirisha, tokeni wote nje, kisha mwende hospitali mara moja, kwa sababu dawa yake ni oksijeni. Mwambieni daktari wazi kwamba mlikuwa na moto ndani. Jenereta nayo, ile tunayoita grupu, inatoa sumu hiyo hiyo. Isiwashwe ndani ya nyumba wala barazani karibu na dirisha.

Wengine wananiambia: “Mama, mimi ninaacha dirisha wazi kidogo.” Nafasi ndogo ya dirisha si ulinzi, na usiku wa baridi mwenyewe unajua kuna mkono utakaolifunga. Mbabula ilale nje, kwisha.

Maji ya moto kitandani

Lakini kumwambia nkambo mwenye baridi “acha mbabula” bila kumpa kitu kingine ni kumwacha ateseke. Kitu hicho kipo, na hakihitaji makala zaidi ya yale uliyopikia. Ni maji ya moto ndani ya chombo kilichofungwa vizuri, kinachowekwa kitandani. Kile cha mpira tunakiita buyoti. Wazungu wa zamani, kabla mpira haujaenea, walitumia mitungi ya udongo na vyombo vya shaba. Kwa hiyo mwenye bidoni asione haya. Kazi ni ile ile.

Kwa nini maji? Kwa sababu maji yanabeba joto jingi na yanaliachia polepole. Kilo moja ya maji inatunza joto karibu mara tano kuliko kilo moja ya jiwe. Wakati unapopakua bukari, weka sufuria ya maji juu ya makala yanayobaki. Watu wakimaliza kula, maji yako tayari.

Sasa fuateni vizuri, maana maji haya nayo yanaweza kuunguza.

Kwanza ni chombo. Buyoti ya mpira ni bora. Bidoni ndogo iliyo ngumu, yenye kifuniko kinachoshika, inafaa pia, lakini si ile iliyobeba petroli au dawa ya shamba. Chupa nyembamba ya maji ya dukani si nzuri: inapofika karibu digrii 70 inalegea na kujikunja, na kifuniko hakishiki tena. Chupa ya kioo, kama ya bia, isitumike kabisa. Inaweza kupasuka, na utabaki na maji ya moto pamoja na vipande vya kioo katikati ya watoto.

Pili ni joto la maji. Usimimine maji yanayochemka. Hapa kwetu, kwa sababu tuko juu, maji yanachemka yakifika karibu digrii 96, na hiyo inatosha sana kuharibu mpira na kuchuna ngozi. Kwa buyoti, pima vikombe vitatu vya maji yaliyochemka na kikombe kimoja cha maji baridi. Utapata karibu digrii 75. Kwa bidoni ya plastiki, changanya nusu kwa nusu. Utapata chini kidogo ya digrii 60. Changanya ndani ya sufuria kwanza, ndipo umimine.

Tatu ni kujaza. Watu wengine hawaungui kitandani, wanaungua wakati wa kumimina. Usishike buyoti kwa mkono mmoja gizani huku mtoto akivuta kikwembe chako. Washa taa au tochi, waambie watoto wakae mbali, simamisha chombo ndani ya beseni, tumia faneli, mimina polepole. Jaza theluthi mbili tu. Kama ni buyoti, ilaze kidogo na kuibonyeza taratibu mpaka maji yaonekane shingoni, ili hewa itoke, kisha funga. Halafu igeuze juu chini, uiangalie. Likitoka hata tone moja, isiingie kitandani usiku huo.

Nne ni kuvika. Kila chombo kivae nguo: triko kuukuu, soksi kubwa, au kikwembe kilichokunjwa mara mbili. Ngozi isiguse chombo chenyewe.

Tano ni wakati. Kiweke chini ya blanketi nusu saa kabla ya kulala, mahali pa miguu. Ukiingia, kitanda chote kina joto. Hapo unaweza kukitoa, au kukisukuma pembeni. Usikilalie na usikikalie, maana uzito wa mwili unaweza kukipasua.

Asubuhi maji hayo bado ni vuguvugu. Mimi ninayatumia kuwanawisha watoto uso. Si ya kunywa, lakini kwa kunawa yanafaa, na mtoto halii.

Buyoti ina umri

Mpira unazeeka. Unakauka, unapata nyufa ndogo kama matope ya kiangazi, na siku moja unapasuka tumboni mwa mtu. Kila mwaka kabla ya baridi ijaze maji baridi, ikunje, uangalie shingo na pembe zake. Ukiona nyufa, au ikinata mkononi, itupe. Hata ile inayoonekana nzima, baada ya miaka miwili hivi ya kutumika, afadhali uibadilishe.

Buyoti nyingi zina alama ya ua karibu na shingo. Namba iliyo katikati ya ua ni mwaka ilipotengenezwa, na majani 12 ya ua ni miezi. Ukinunua sokoni, hasa zile zilizotumika zinazokuja ndani ya mabalo, tafuta ua hilo kabla ya kutoa franka zako. Ukiona namba ya miaka mingi iliyopita, mwachie mwenye kuuza.

Ambao hawapaswi kulala nayo

Mtoto mchanga, kamwe. Ngozi yake ni nyembamba, hawezi kujisogeza, hawezi kusema “inaniunguza”. Unaweza kupasha kitanda chake joto, lakini chombo kitoke kabla yeye hajaingia, na wewe ujaribu kwa mkono kwamba pale alipo pana joto la kawaida tu. Hata watoto wakubwa kidogo, fanya hivyo hivyo: pasha kitanda, toa chombo, laza mtoto.

Kwa mtoto mchanga Mungu alikwisha kutengeneza buyoti nzuri kuliko zote: kifua cha mama. Mvike nepi, kofia na soksi, mlaze kifuani ngozi kwa ngozi, kisha jifungeni pamoja na kikwembe na blanketi, uso wake ukiwa wazi apumue vizuri. Njia hii madaktari wanaiita ya kangaruu. Ilianza mwaka 1978 katika hospitali moja ya Bogotá, nchi ya Kolombia, ambako vyombo vya kupashia joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati havikutosha. Leo Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa watoto waliozaliwa wadogo, hata mahali penye vyombo vyote. Joto la mtoto mchanga linapaswa kuwa kati ya digrii 36.5 na 37.5. Na asiogeshwe siku anapozaliwa. Mngojee angalau saa 24. Wamama wakwe, hapo ninaomba mnisikie kwa heshima: mtoto hachafuki, anapoa.

Wa pili ni mtu ambaye ngozi yake haisikii vizuri. Mwenye ugonjwa wa sukari ambaye miguu imekufa ganzi, aliyepooza upande mmoja, mzee sana, na yule aliyerudi amelewa. Joto la digrii 45 halionekani kali. Mkono unalivumilia dakika nyingi. Lakini likikaa mahali pamoja kwa saa nyingi linaunguza ngozi taratibu, na asiyesikia anaamka na lengelenge. Kwa mwenye sukari, lengelenge la mguu linaweza kuwa kidonda kisichopona, na kumletea kukatwa mguu. Kwa hawa, pasha kitanda kisha utoe chombo, halafu uwavike soksi nzito.

Sisi wenyewe, siku za mwezi tumbo likiuma, buyoti iliyovikwa nguo na kuwekwa juu ya tumbo inapunguza maumivu vizuri. Iondoe usingizi unapokuja. Lakini tumbo likiuma sana pamoja na homa, au mjamzito akitoka damu, hapo si kazi ya buyoti. Ni kwenda kwa daktari.

Mtu akiungua

Mtoe mahali pale, vua nguo iliyolowa kama haijashikana na ngozi, mwagia maji safi ya baridi, ya kawaida, kwa dakika 20. Ndiyo, dakika 20, hata kama bomba halitoki na unapaswa kutumia kikombe na beseni. Maji yale yanayotoka usiyamwage, yarudishe tena. Sehemu nyingine ya mwili ifunikwe isipate baridi, hasa kwa mtoto. Usipake dawa ya meno, yai, mafuta, unga wala majivu. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi na mwende kituo cha afya, hasa kama ni mtoto, au kama ni uso, mikono au sehemu za siri.

Juu ya nkambo

Wamama wawili wa kikundi chetu waliniuliza: “Sasa nkambo akikataa? Yeye tangu zamani alilala na moto, na hakufa.” Ni kweli. Lakini nyumba alimokulia nkambo ilikuwa ya nyasi juu, na hewa ilikuwa inapita kila mahali. Leo tumejenga matofali, tumepiga simenti, tumefunga mabati, tumeweka kikwembe chini ya mlango. Moto ni ule ule, lakini nyumba imebadilika. Nilimweleza nkambo wetu hivyo, kwa upole, sikumwambia kwamba zamani walikosea. Kisha nikamwekea bidoni miguuni, imevaa triko la zamani la papa wa watoto. Asubuhi aliniambia: “Huyu mtoto wenu wa plastiki hanipigi mateke.” Aliporudi kijijini alienda na bidoni yake.

Kazi ya juma hili

Wamama wa vikundi, ninawaomba mambo mawili. La kwanza: siku ya kikao, kila mwenye buyoti aje nayo, tuzijaze maji baridi na kuziangalia pamoja. Wasio nayo wanaweza kuanzisha likelemba ndogo ya miezi hii ya baridi, kila juma buyoti moja kwa mama mmoja. Waanze wenye wazee nyumbani.

La pili: kila mmoja wetu apite kwenye nyumba mbili za avenyi yake, hasa kwa mama aliyezaa juzi na kwa mzee anayeishi peke yake. Asalimie, akae kidogo, kisha aulize swali moja: “Usiku mbabula inalala wapi?” Wakijibu “ndani”, usiwagombeze. Nilikuwa mmoja wao. Wasaidie kuitoa nje, na kabla ya kuondoka bandika sufuria ya maji.

Tuonane juma lijalo. Mlale vizuri, na muamke wote.